Nyumba Zetu na Mitaa Yetu: Waulizwe Wenyeji Kwanza

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo lililo karibu sana na kila mmoja wetu, nalo ni nyumba tunamolala na mtaa tunamokaa. Nataka kueleza jinsi watu wa kijiji au wa mtaa wawezavyo kuulizwa shauri lao juu ya makazi yao, ili kilicho chema kihifadhiwe na kilicho kibaya kitengenezwe. Mifano yangu mingi nitaitwaa katika nchi ya Shinyanga, na katika nchi ya dhahabu ya Geita na Kahama, kwa sababu huko jambo hili si maneno ya kupitisha jioni tu. Huko ardhi ina mali chini yake, na mtu aweza kulala akiwa mwenyeji wa mji wake, akaamka na kusikia ya kwamba mji wake umo ndani ya mipaka ya mgodi, au ya kwamba barabara mpya itapita uani pake.

Kwanza yatupasa kukijua kitu chenyewe tutakacho kukihifadhi. Wahenga walisema, Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Msukuma akisema kaya, hasemi ukuta na paa peke yake. Kaya ni msonge wa miti na udongo ulioezekwa kwa nyasi, au siku hizi nyumba ya matofali yenye bati. Tena ni zizi la ng'ombe, na ghala ya mtama na mahindi, na ua wa minyaa uliopandwa na babu. Ni mahali pa moto wa jioni, paitwapo shikome, ambapo vijana husikiliza maneno ya wazee. Ni makaburi ya waliotangulia. Na mbali kidogo ni ngitili, yaani malisho yafungwayo wakati wa mvua ili majani yake yawafae wanyama wakati wa kiangazi. Vitu hivi vyote hushikamana kama fito na kamba. Mtu akiipima nyumba akaiacha ngitili, amepima nusu ya kaya, na nusu ile iliyosalia haitaweza kusimama peke yake.

Mitaa ya miji ya madini nayo ina sura yake. Katika mji wa Geita, na katika vijiji vya wachimbaji kama Mgusu, Nyarugusu na Rwamgasa, watu wametoka nchi mbalimbali. Wazinza ni wenyeji wa zamani, Wasukuma waliingia kwa wingi wakitafuta mashamba na malisho, na dhahabu ikawaleta watu wa makabila mengine mengi. Huko chumba kimoja cha kupanga ni nyumba ya mtu, na baraza la duka ni mahali pa kupata habari. Mgeni apitaye aweza kuona vibanda vilivyobanana tu, asione kitu cha kuhifadhiwa. Lakini mwenyeji ajua kisima kipi hakikauki, mama yupi hukopesha unga mume akiwa bado yumo duarani, na jirani yupi huamshwa kwanza usiku mgonjwa akizidiwa. Mambo hayo hayaonekani katika ramani. Yamo vichwani mwa watu, na njia ya kuyapata ni moja tu, nayo ni kuwauliza.

Pengine mtu atasema, Kwa nini tuulize? Wataalamu wapo, ramani zipo, na viongozi wamechaguliwa. Nitamjibu kwa habari tatu zilizotokea katika nchi hizo hizo ninazozisema.

Habari ya kwanza ni ya mwaka 1958. Serikali ya kikoloni ilitaka kuweka Geita baraza la wilaya la mchanganyiko wa mataifa, yaani Waafrika, Waasia na Wazungu pamoja, na wenyeji wengi hawakuridhika nalo. Waliona ya kwamba jambo kubwa la nchi yao limeamuliwa bila wao. Watu wakakusanyika kwa maelfu, wakaenda hata Mwanza kupeleka malalamiko yao, na mpango ule haukuweza kuendelea. Tazameni basi: muda uliodhaniwa kuokolewa kwa kutouliza ulipotea mara nyingi zaidi katika ugomvi.

Habari ya pili ni ya mwaka 1974. Mwezi wa Novemba mwaka 1973 Rais Julius Nyerere alitangaza ya kwamba kukaa vijijini ni amri, na ya kwamba kazi ya kuwahamisha watu imalizike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Mwaka 1974 kazi hiyo ilifanywa kwa nguvu katika Shinyanga. Nia yake ilikuwa watu wapate shule, maji na dawa karibu, kwani kaya za Wasukuma zilikuwa zimetawanyika, kila moja katikati ya mashamba yake. Lakini mahali pa kujenga, na namna ya kupanga nyumba, mara nyingi havikutoka kwa wenye nyumba. Kaya zilipangwa kwa mistari kando ya barabara. Mashamba yakawa mbali. Ng'ombe wengi wakakusanyika mahali pamoja, wakala majani hata ardhi ikabaki wazi. Ngitili nyingi zikaachwa bila mlinzi, kwa maana aliyezifunga na kuzichunga alikuwa amehamishwa. Miaka ilipopita, watu wengi walirudi polepole katika mahame yao. Shule na zahanati zilikuwa na faida, hapana abishaye. Lakini wenyeji wangaliulizwa, wangalieleza tangu mwanzo ya kwamba ukiihamisha kaya bila ngitili yake, umewahamisha watu ukaacha chakula cha mifugo yao.

Habari ya tatu ni ya mwaka 1986, nayo ni ya kufurahisha. Nchi ya Shinyanga ilikuwa imekuwa kavu na yenye upara hata watu wakaanza kuiita jangwa. Ndipo Serikali ikaanzisha kazi iliyoitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, au kwa kifupi HASHI. Kazi hiyo ilifaulu hasa pale ilipojengwa juu ya desturi ya wenyeji wenyewe. Wenye ngitili za kaya, na vijiji vyenye ngitili za watu wote, walifufua utaratibu wao wa kufunga malisho, na mikutano ya jadi iitwayo dagashida ikasaidia kuweka sheria na faini. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa karibu hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Miti ikarudi, na pamoja nayo fito za kujengea, nyasi za kuezekea, kuni, dawa na asali. Nchi ni ile ile, na watu ni wale wale. Tofauti ni kwamba safari hii ujuzi wa mwenye kaya ulihesabiwa kuwa ni ujuzi.

Haya, sasa tutazame sheria zasemaje, maana wako wengi wadhanio ya kwamba kuulizwa ni hisani ya mkubwa. Sivyo. Katika Tanzania kila kijiji kina Mkutano Mkuu, na kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982, kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano huo. Haijalishi kama ni mwanamume au mwanamke, tajiri au maskini. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, hufanya kazi ya kila siku, lakini Mkutano Mkuu ndio wenye neno kubwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yasema ya kwamba ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kwa faida ya umma, habari itangazwe na kufikishwa kijijini. Ikiwa eneo halizidi hekta 250, Mkutano Mkuu ndio utakaokubali au kukataa. Likizidi hapo, Waziri huamua, lakini baada ya kuyafikiri mapendekezo ya Mkutano Mkuu. Tena ardhi hiyo haihamishwi mpaka mapatano yafanywe juu ya fidia, yaani ni kiasi gani, italipwa kwa njia gani na lini.

Juu ya madini, sheria ina maneno yake ya pekee. Madini yaliyo chini ya ardhi si mali ya mwenye shamba, bali ni mali ya taifa. Hata hivyo Sheria ya Madini ya 2010 yasema ya kwamba mwenye leseni asifanye kazi yake ndani ya mita 200 kutoka nyumba ya kukaa watu, ila kwa idhini ya maandishi ya yule aikaliaye kwa haki. Ni kweli ya kwamba mtu akikataa bila sababu ya maana, sheria imeacha njia ya kuamua jambo hilo juu yake. Lakini tangu mwanzo ni lazima aulizwe, na jibu lake ni la maandishi, wala si la kutikisa kichwa.

Na ikiwa mwisho wa yote ni kuhama, mthamini huja kupima. Kanuni za 2001 zataja mambo ya kulipwa: thamani ya ardhi na ya yale yaliyofanywa juu yake, posho ya usumbufu, gharama ya kuchukua mizigo, faida iliyopotea kwa mwenye biashara, na posho ya makazi ihesabiwayo kwa kodi ya nyumba ya miezi 36. Juu ya makaburi iko Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969, nayo yatambua gharama za kuhamisha na kuzika tena, pamoja na gharama za tambiko.

Sasa sikilizeni kwa makini, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo haya. Vitu vyote nilivyovitaja ni vitu vyenye bei. Mthamini huandika kuta, bati, migomba na miembe. Hana mahali pa kuandika jirani. Hana mahali pa kuandika kwamba bibi kikongwe aweza kukaa peke yake kwa sababu nyumba tatu za wajukuu zamzunguka. Mtaa ukivunjwa, na kila mtu akaenda kwake na fedha zake, kitu kile hakilipwi na mtu yeyote. Tena tusidhani ya kwamba sheria za mambo ya kale zitatuokoa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 yahifadhi hasa majengo ya kabla ya mwaka 1863. Inaufaa Mji Mkongwe wa Zanzibar na miji ya mawe ya pwani kuwa na walinzi wa namna hii, nao Mji Mkongwe ulipewa mamlaka yake ya kuuhifadhi mwaka 1985, ukaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Lakini msonge wa Shinyanga ni wa miti na udongo. Hujengwa, huchakaa, hujengwa tena pale pale na watoto wa aliyeujenga kwanza. Ukuta wake si wa kale, ijapokuwa maarifa yake ni ya kale sana. Kwa hiyo mlinzi wake ni neno la wenyeji, lililosemwa mapema na kuandikwa vizuri.

Basi neno hilo lakusanywaje? Nitaeleza hatua moja moja.

Hatua ya kwanza ni wakati. Watu waulizwe kabla ramani haijachorwa, si baada yake. Mkutano uitwao ili watu waonyeshwe mpango uliokwisha kukatwa si mkutano wa shauri, ni mkutano wa matangazo. Tena msimu uangaliwe. Ukiita watu siku za kupanda, au siku ya mnada wa ng'ombe, watakuja wazee wachache wasioweza kwenda shamba, nawe utaandika ya kwamba kijiji kimekubali. Katika vijiji vya wachimbaji yafaa kufanya mikutano miwili, asubuhi na jioni, kwa sababu wengine huingia duarani usiku na kulala mchana.

Hatua ya pili ni watu wenyewe. Penye wengi hapaharibiki neno, lakini penye wengi pia wako wanyamazao. Msichana hatasema mbele ya baba mkwe wake. Mpangaji hatasema mbele ya mwenye nyumba. Mgeni wa juzi ataogopa kuitwa mgeni. Kwa hiyo watu wagawanywe kwanza katika makundi: wazee, wanawake, vijana, wapangaji, wachimbaji na wenye mifugo, tena wasiojiweza wafuatwe majumbani mwao. Kila kundi likae penye kivuli chake na mwandishi wake. Kisha wote wakutane, na kila kundi lisomewe maneno yake mbele ya wote, bila kutaja ni nani aliyesema nini. Sheria zenyewe zimeonyesha njia hii: Baraza la Ardhi la Kijiji huwa na watu saba, na kati yao wasipungue wanawake watatu.

Hatua ya tatu ni kutembea. Maneno ya mkutanoni huwa makubwa na ya jumla, lakini mguu huona mambo madogo. Wachache wa kila kundi wauzunguke mtaa pamoja, waonyeshane visima, njia za maji ya mvua, miti ya kivuli, makaburi, mahali pa ngoma, mahali pa kusali, na nyumba zilizo kongwe kuliko zote. Kisha wachore ramani chini kwa majivu na vijiti, ili asiyejua kusoma naye aweze kusogeza kijiti na kusema, Kisima si hapo, ni huku. Ramani ya chini ikikubaliwa, mwenye kalamu ainakili katika karatasi.

Hatua ya nne ni maswali. Swali baya huzaa jibu lisilo na faida. Ukiuliza, Je, mwataka maendeleo? wote watajibu ndiyo, nawe hukupata kitu. Ukiuliza, Mwataka nyumba zenu zibomolewe? wote watajibu hapana, na bado hukupata kitu. Maswali mema ni kama haya: Katika mtaa huu, ni kitu gani ambacho kikiondoka, mtajiona kuwa mmekuwa wageni? Nyumba yako yakusumbua nini wakati wa mvua, na wakati wa jua? Barabara ikilazimika kupita, ipite wapi isivunje? Mkihamishwa, ni akina nani ambao lazima wawe majirani? Maswali ya namna hii hayana jibu la neno moja, na mtu hulazimika kufikiri.

Hatua ya tano ni daftari. Mali bila daftari huisha bila habari. Kila nyumba iandikwe: ilijengwa lini, kwa vifaa gani, na nani, imetengenezwa mara ngapi, wanakaa wangapi, na mwenyewe ataka ifanywe nini. Maneno ya wale wasiokubaliana na wengi nayo yaandikwe, wala yasifutwe ili karatasi ionekane safi. Wanafunzi wa shule wanaweza kusaidia sana katika kazi hii. Mtoto ajuaye kuandika akae na babu asiyejua, mmoja ana kalamu na mwingine ana habari, na kila mmoja atajifunza kwa mwenzake.

Hatua ya sita, nayo husahauliwa kuliko zote, ni kurudisha. Yaliyokusanywa yasomwe tena mbele ya Mkutano Mkuu, watu wayasahihishe. Nakala moja ibaki kijijini kwa Mtendaji, na nyingine iende wilayani. Kisha mpango ukikamilika, watu waelezwe waziwazi: neno lenu hili tumelifuata, na hili hatukulifuata, kwa sababu hii. Mtu aliyeulizwa mara moja, asipate jibu, hatafungua kinywa chake mara ya pili.

Katika miji, kazi ya urasimishaji wa makazi huweza kufuata njia hiyo hiyo. Mtaa uliojengwa bila mpango hautakiwi kubomolewa wote ndipo upimwe. Wakazi huchagua kamati, majirani husimama mpakani wakakubaliana, kila mmoja hutoa kidogo cha ardhi yake ili njia ipatikane, mchoro huwekwa mahali pa wazi watu wauone, na mwisho viwanja hupimwa na watu hupata hati. Pale majirani walipozungumza kwanza, alama za mpaka huwa na mashahidi. Pale zilipowekwa usiku, au bila wenyewe kuwapo, ugomvi huota pamoja nazo.

Hata hivyo, wasomaji wangu, kuhifadhi si kugandisha. Pasiwe mtu wa kuwaambia wenyeji wakae katika nyumba inayovuja ili watu wa mjini waje kuitazama. Paa la nyasi lina ubaridi mwema wakati wa jua kali, lakini hushika moto upesi, na nyasi zake zimekuwa haba. Bati hukinga mvua, na maji yake yaweza kuvunwa, lakini adhuhuri nyumba huwa kama tanuri. Matofali ya kuchoma ni imara, lakini tanuru yake hula miti ile ile tuliyoihifadhi katika ngitili. Mambo haya hayana jibu moja kwa watu wote. Mwenye nyumba yuko huru kubadili paa lake, na bado kijiji chaweza kukubaliana ya kwamba ua ubaki mpana, njia ya ng'ombe isizibwe, miti ya kivuli isikatwe, na mahali pa moto wa jioni pasijengwe duka. Hivyo ndivyo nyumba hubadilika, na makazi yakabaki kuwa yale yale.

Wako wasemao ya kwamba shauri la watu wengi hukawisha kazi, na dhahabu haingoji. Nawajibu ya kwamba dhahabu imengoja chini ya ardhi tangu zamani sana, nayo yaweza kungoja mikutano michache. Tena tuangalie maisha ya mgodi na maisha ya mtaa. Mgodi wa zamani wa Geita, ulioanza wakati wa ukoloni, ulifungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Katika miaka ile yote ya katikati, nani alikaa Geita, akalima, akazaa na kuzika? Ni wenyeji. Mgodi wa Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, na mwaka 2021 kazi yake ikafikia mwisho. Huo ni muda wa miaka 12 tu, usiotosha mtoto aliyezaliwa siku ulipofunguliwa kumaliza darasa la saba. Mtaa mwema huishi kuliko mgodi. Basi si haki kuupanga mtaa kana kwamba maisha yake yatakoma pamoja na madini.

Wajibu nao uko kwa wenyeji. Wengi hulalamika nyumbani jioni, lakini Mkutano Mkuu ukiitwa hawaendi, husema ni wa wazee, au ni wa wenye vyama. Kisha uamuzi ukipita, hushangaa. Mwenye kukaa kimya amempa mwingine ulimi wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa mtaa huanza siku ile watu kumi wanapoamua mambo ya watu elfu moja, kwa sababu wale wengine hawakufika.

Kwa hiyo nawapa kazi, ninyi msomao kijitabu hiki, wala msingoje mthamini aje, au barabara ichorwe. Anzeni sasa, wakati hapana haraka wala hasira. Ombeni katika mkutano wenu ujao daftari la nyumba na mahali pa heshima pa kijiji lifunguliwe. Andikeni visima, makaburi, ngitili, njia na miti. Waulizeni wazee majina ya mahali, maana wazee hawakai milele, na jina likipotea, mahali pale hupata jina la mtu mwingine. Siku mgeni mwenye ramani atakapofika na kuuliza, Hapa pana nini? mtamfungulia daftari, mkamsomea, na kila mtu wa kijiji atakuwa shahidi wa yaliyoandikwa humo.